Joto la Makombo

Benchi la kwa Kipara lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, na anayekaa upande wa tofali hana budi kukaa kwa adabu. Liko nje ya kibanda cha kinyozi, ukutani pameingia weusi wa migongo ya watu, na ng'ambo ya barabara linatazamana na duka la mikate. Hapo kila asubuhi utamkuta Waziri, ambaye hajawahi kuwa waziri wa kitu chochote, alikuwa mtunza stoo mpaka alipostaafu, ila huongea kana kwamba kuna mtu pembeni anaandika. Utamkuta Breki, aliyeendesha malori mpaka macho yakamgomea, na ambaye hamwachi mtu amalize sentensi bila kumkatiza, "Breki kwanza!" Na utamkuta Kipara mwenyewe, kinyozi asiye na unywele hata mmoja, ambaye wateja wake wanasema hiyo ndiyo dhamana ya kazi. Kahawa humimina Mama Birika, maneno yake machache, vikombe vyake vidogo. Asubuhi hiyo upande wa tofali alikuja kukaa mtu ambaye si wa kukaa: yule mama kijana wa duka la mikate, mtoto mgongoni, ambaye benchi lilimbandika jina la Mama Kichanga tangu wiki aliyojifungua.

— Kahawa, mama. Au hapana. Au nipe, nipe tu, ila kidogo, nanyonyesha.

Mama Birika akamimina kidogo. Mama Kichanga akashika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa.

— Nina swali, akasema. Si langu. La rafiki yangu.

— Rafiki yako ana nini? Kipara akauliza.

— Ana duka.

— Duka la nini?

— La vitu. Vya kuoka.

Benchi zima likatazama ng'ambo, bango la mikate likawatazama na wao, kisha kwa heshima wote wakaangalia chini.

— Sema mwanangu, Waziri akasema. Huyo rafiki yako tumeshaanza kumhurumia.

Basi yakatoka, na yalipoanza kutoka hayakuwa na wa kuyazuia.

— Huyo rafiki yangu mumewe kahamishwa kikazi mbali, kamwachia duka, analiendesha na shemeji yake, na shemeji kasomea mambo ya biashara, ni mtu mzuri, msije mkadhani ni mtu mbaya, unga umepanda na duka linashuka, sasa jana kakaa na simu yake kutwa, ana programu humo, unaiambia una unga kiasi gani, tanuri linaingia trei ngapi, kipi kinauzwaje, yenyewe inakutafutia uoke nini na nini upate zaidi. Kaweka kila kitu. Kodi ya nyumba kaigawa, kuni kazigawa, mikate ibebe theluthi, keki zibebe theluthi, skonzi zibebe theluthi. Simu ikajibu skonzi haziwezi kubeba. Skonzi ni hasara. Ziondoke, keki ziongezwe. Na anayeoka skonzi ni shangazi.

— Shangazi wa nani? Breki akauliza.

— Wa mume wangu. Wa mume wa rafiki yangu.

Kipara alikohoa tu.

— Kwa hiyo hata kwa shemeji ni shangazi yake, akasema Kipara.

— Ni shangazi yake. Kaniambia hesabu haina shangazi. Kaniambia hivyo halafu akageukia ukutani, akawa anafuta simu kwa shati, simu yenyewe haina hata vumbi. Ananitaka mimi niseme, kwa sababu mimi ndiye niliyeachiwa funguo. Anakuja leo, saa yoyote, kusikia kama nimeshasema.

— Na wewe unaogopa shangazi atafoka.

— Angekuwa wa kufoka ningeshasema! Shangazi hafoki. Shangazi hali bure kwa mtu. Ukimwambia skonzi hazitakiwi, atauliza zinazotakiwa ni zipi, utamwambia keki, keki naoka mimi, mikate anaoka kijana wa zamu, basi atakunja kanga zake, atafunga sanduku, ataniambia nimbusu mtoto kwa niaba yake, ataondoka. Na nisiposema duka likafa, nitamwambia nini mume wangu? Kwamba nilionywa na simu nikanyamaza?

Rafiki wa kubuni alikuwa ameshasahaulika. Waziri akaweka kikombe chini taratibu, ishara kwamba hotuba inakuja.

— Kosa liko kwenye kodi, akasema. Stoo yangu mimi kila kitu kilihesabiwa kwa nafasi kinayokalia. Jokofu likikalia pembe nzima, linabeba pembe nzima. Msumari unabeba nukta. Sasa skonzi ni kubwa kiasi gani? Ngumi ya mtoto. Kwa nini ibebe theluthi ya nyumba?

— Breki kwanza! Skonzi moja ni ngumi. Skonzi za trei nzima ni ngumi ngapi? Hapana. Tanuri ni lori. Lori halilipwi kwa ukubwa, linalipwa kwa safari. Hesabu kila trei imeingia mara ngapi, kila safari ibebe kodi yake.

— Na trei ikiungua?

— Hiyo ni ajali. Ajali ina mfuko wake.

— Nyote mnapotea, Kipara akasema, akiwa ameshika kichwa cha mteja kwa mkono mmoja na wembe kwa mwingine. Mteja alikuwa ametolewa nje na kiti chake ili kinyozi asipitwe na mazungumzo. Kodi igawanywe kwa harufu.

— Igawanywe kwa kitu gani?

— Kwa harufu! Mikate ina harufu ya dirishani kwake tu. Keki harufu yake haivuki kizingiti. Skonzi za shangazi zinavuka barabara. Mimi nina wateja wanaokuja kunyolewa wakiwa hawana nywele, wamefuata harufu. Ukigawa kwa harufu, skonzi ndizo zinazokalia mtaa mzima.

— Basi umezidi kuzimaliza, Waziri akasema. Zikikalia mtaa mzima zitabeba kodi ya mtaa mzima.

— Hapana. Mtaa ndio ulipe. Mimi nalipa kidogo, fundi viatu analipa kidogo, kwa kunusa.

— Na mwenye mafua?

— Anasamehewa mpaka apone.

Mteja akacheka, wembe ukasimama hewani, Kipara akamwambia atulie kama anaipenda shingo yake.

Mama Kichanga alikuwa akimwangalia kila anayeongea kama mtu anayengoja jina lake liitwe. Mtoto alijinyoosha mgongoni, akamsogeza juu kidogo.

— Lakini tuseme ziondoke, akasema. Tuseme nimesema, zimeondoka. Ile theluthi ya kodi inakwenda wapi?

— Inakwenda wapi? Haiendi popote, Waziri akasema. Mwenye nyumba anaitaka ile ile. Itahamia kwa waliobaki. Mikate itabeba nusu, keki nusu.

— Na mikate ikishabeba nusu?

Waziri akaanza kuhesabu kwa vidole.

— Mikate nayo itakuwa hasara, Kipara akamsaidia kwa furaha. Simu itasema iondoke. Keki zibebe zote. Keki zitashindwa. Ziondoke. Hapo duka litakuwa safi kabisa, halina hasara hata moja. Halina na mlango.

Aliposema mlango aliona uso wa Mama Kichanga, na furaha ikamtoka.

— Natania tu, mama.

— Hapana, akasema Mama Kichanga. Endelea. Halafu?

Lakini hakuna aliyeendelea, kwa sababu mlango wa duka la mikate, ule wa kweli, ulikuwa umefunguka, na shangazi mwenyewe anavuka barabara, sahani mkononi imefunikwa kitambaa. Benchi likanyamaza kwa pamoja. Hata wembe ulinyamaza.

— Shikamooni jamani. Mbona kimya? Nani kafa?

— Marahaba, Waziri akajibu peke yake, kwa haraka.

— Tunaongea mpira, Breki akasema.

— Na wewe mama mtoto unaongea mpira?

— Ndiyo shangazi. Wamefungwa.

— Kina nani?

— Wale.

Shangazi akamtazama kidogo zaidi ya inavyohitajika kwa mambo ya mpira. Kisha akafunua sahani: skonzi zilizopasuka mgongo, zile ambazo hazifai kuwekwa kabatini, bado zinafuka.

— Hizi hazina sura ya kuuzwa. Kuleni. Lete huyo mtoto, jua linampiga kichwani na wewe umekaa tu unafungwa magoli.

Akamfungua mtoto mgongoni kwa mamaye kama mtu anayefungua mzigo wake mwenyewe, akamlaza begani, akavuka naye. Mama Kichanga akabaki na kanga mkononi. Neno lilikuwa limefika kooni, hapo hapo, "shangazi, ngoja," lingetoka tu, na halikutoka. Akaikunja kanga, akaikunjua tena.

Wakala. Sahani ikapita mkono kwa mkono.

— Kwa upande wa biashara lakini, Waziri akasema hatimaye, mdomo umejaa, takwimu ikishasema ziondoke, mtu usiweke moyo...

— Unasema hivyo na makombo ya skonzi kwenye ndevu! Breki akamkata.

Waziri akapangusa ndevu kwa hadhi yote aliyobaki nayo. Mama Kichanga akageuka.

— Makombo, akasema. Shangazi ndivyo anavyoliita lile joto.

— Joto gani?

— La tanuri. Tanuri letu ni la matofali, si la gesi, unalikoka kuni nyingi kwa ajili ya mikate, mikate inataka joto kali, ikishatoka tunazoa makaa, hapo ndipo zinaingia skonzi, bila kuni nyingine, matofali yenyewe bado yana joto, kali limepita limebaki la kiasi, yeye analiita joto la makombo. Anasema mikate ikishakula yeye anakula makombo. Mimi keki zangu nazikokea moto wangu jioni. Shangazi hakoki. Ana kiti chake anakaa pale anangojea mikate itoke.

— Breki kwanza, Breki akasema, na safari hii alisema polepole. Rudia hapo. Hakoki?

— Hakoki.

— Na simu imemtoza kuni?

— Theluthi.

Breki akasimama, benchi likanyanyuka upande, Mama Kichanga akashika ukuta.

— Mzigo wa kurudi! Huo ni mzigo wa kurudi! Sikilizeni. Mimi nilikuwa napeleka saruji bara, narudi mtupu. Nikapata watu wa viazi, wananipa hela ndogo niwarudishie magunia. Tajiri kapiga hesabu kwa kilometa, kasema viazi havifikii hata mafuta, acha. Nikaacha. Nikawa narudi mtupu, lori linakunywa mafuta yale yale, ile hela ndogo haipo. Nikamwambia tajiri, akanionyesha hesabu. Ndiyo maana nikaacha kazi.

— Si uliacha kwa sababu ya macho? Kipara akauliza.

— Na macho pia.

— Pingamizi, Waziri akasema. Viazi vilipanda lori. Huwezi kusema havikupanda. Aliyepanda alipe. Makombo nayo ni chakula, mtu kayapika.

— Kapika wa mikate.

— Basi shangazi awalipe wa mikate!

— Na wasipomwuzia?

— Joto litapotea.

— Likipotea mikate itapata nini?

— Haitapata kitu, Waziri akakiri, lakini kanuni ni kanuni.

— Basi nasema hivi, Kipara akadakia, tanuri ndilo liwalipe wote, maana bila wao lingekuwa kaburi. Na matofali yalipwe, na aliyeyafyatua atafutwe...

— Shemeji huyo, Mama Birika akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi ile.

Alikuwa anakuja kando ya barabara, shati limechomekwa, simu mkononi kama mtu aliyebeba yai. Kijana tu. Mtu angetegemea uso wa bosi, lakini alikuwa na macho ya mtu ambaye chakula hakimpandi. Akasalimia wazee mmoja mmoja, akakaa upande wa tofali karibu na Mama Kichanga, benchi likamshusha.

— Shemeji, akasema kwa sauti ndogo. Nimeirudia tena. Nimebadilisha bei, nimebadilisha unga, nimejaribu kila njia ili zibaki. Kila nikibonyeza inatoa jibu lile lile.

— Kuni umeziwekaje?

— Kwa trei. Sawa kwa sawa, asionewe mtu.

— Shemeji, shangazi hakoki.

— Anaoka kila siku.

— Anaoka, hakoki. Ngoja, usinikatize, nikikatizwa nitashindwa. Uoke usioke skonzi, moto wa mikate uko pale pale, yeye anaingiza ukishashuka. Na kodi nayo, akiondoka mwenye nyumba hatupunguzii, ulishamwuliza? Hujamwuliza. Na keki ulizosema tujazie, za nani, nani anaagiza keki alfajiri? Simu imeniongezea keki, imeniongezea na watu wa kuzila?

Shemeji aliangalia simu. Akasogeza kidole, akasita, akasogeza tena.

— Nikizitoa skonzi, akasema, zaidi kama anajisomea, kuni zinashuka theluthi. Hapo ndipo faida inapopandia. Humu ndivyo ilivyo.

— Kwa nadharia yuko sahihi, Waziri akasema.

— Kwa viazi hayuko, Breki akasema.

— Kama ungefuata harufu, Kipara akaanza, na kutoka hapo kila mmoja akawa anaongea juu ya mwenzake, safari na kilometa na pembe za stoo, shemeji katikati anageuza kichwa huku na huku, mteja aliyenyolewa nusu naye katoa rai yake, hadi mkokoteni ukaja kusimama mbele yao, ukawakingia jua.

Alikuwa muuza kuni. Si mtu wa benchi, huwa anapita tu. Akaegemeza mikono kwenye vishikio, jasho linamdondoka.

— Nani hapa wa tanuri? Nimewasikia toka kule mkisema mnapunguza kazi. Kesho nishushe mizigo mingapi?

Mteja aliyenyolewa nusu akanyoosha mkono, Kipara akaushusha.

— Nawauliza kwa sababu nakwenda kupakia sasa hivi. Skonzi hazipo kesho, sivyo? Mikate ipo. Sasa nipunguze mizigo mingapi?

Waziri alimtazama Breki. Breki alimtazama shemeji. Shemeji alikuwa na jibu mkononi, theluthi, limeandikwa na lina rangi ya kijani, na mdomo wake ulishaanza kulitamka. Halafu ukasimama. Ungeweza kumwona anaondoa mzigo mmoja akilini, anaingiza mikate, anautazama moto. Anarudisha mzigo. Anaondoa kipande kimoja tu cha kuni. Anakirudisha.

— Mingapi? muuza kuni akauliza tena.

— Usipunguze, Mama Kichanga akasema. Ile ile.

— Hata mmoja?

— Hata mmoja.

Muuza kuni akaitikia kwa kichwa, kwake yeye halikuwa jambo, akasukuma mkokoteni akaenda zake. Jua likarudi benchini. Shemeji alikuwa bado anaiangalia simu, lakini kioo kilikuwa kimeshazimika.

— Basi hasara iko wapi? akauliza.

Waziri akaangalia ndani ya kikombe chake. Kipara akakumbuka kwamba ana mteja.

— Sijui, Mama Kichanga akasema. Kweli sijui, shemeji, na naogopa, sitakudanganya. Tutaitafuta kwingine. Kwenye keki zangu, ikibidi. Anza na keki zangu.

Shemeji akaitikia. Akageuza simu ikalala kifudifudi pajani. Kisha akamwinamia, wazee wasisikie, ingawa wazee wote walikuwa wameshaacha kupumua ili wasikie.

— Umeshamwambia shangazi?

— Bado.

— Hata kidogo? Hata kwa kumzungukazunguka?

— Nilimwambia tunaongea mpira, wamefungwa. Hakuuliza zaidi.

Kijana akafunika uso kwa viganja viwili, mabega yakamwanguka, na Mama Kichanga alidhani analia mpaka aliposikia anasema ndani ya viganja, mara mbili:

— Afadhali. Afadhali, shemeji.

Mama Birika akainamisha birika lake kumjazia. Lilikuwa tupu.